Nakato Alipoomba Jenereta Izimwe

Mwanangu, kila nikikuona umeikodolea macho kompyuta iliyogoma, hunijia asubuhi moja ya ujana wangu kwenye zahanati pale mtaa wa Hai Malakal, hapa Juba.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Kenya, na kazi niliyopata ni kutunza jenereta. Ilikuwa kuukuu, ina kikohozi, lakini ndiyo iliyomlisha mama yangu. Basi ikaletwa programu ya kuandikisha wagonjwa. Ikawa inakufa ghafla katikati ya kazi, akina mama wamejipanga na watoto wenye homa, na kila ikifa macho yote yananigeukia mimi. Hapa Juba ukikosa wa kumlaumu, umeme upo. Meneja akasema ikiendelea hivyo ataleta mtu mwingine mahali pangu.

Aliyeitwa kuitengeneza programu alikuwa Nakato, dada wa Kiganda, mmoja wa walioiandika. Wote walimwambia tatizo ni jenereta. Ingemfaa sana kukubali, aondoke zake. Badala yake akaniomba nikaizime.

Nilikwenda nikaizima. Kompyuta yake ikabaki kwa betri, akaendelea kuandikisha wagonjwa, na programu ikafa vilevile. Kisha akaiendesha ndani ya chombo cha kutafutia hitilafu, kinachoipitisha mstari kwa mstari hadi pale inapoangukia. Ikakwama kwenye mstari wa kuhesabu umri. Mtoto aliyekuwa akiandikishwa hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Mama yake alijua tu kwamba alimzaa mvua zikianza, wakiwa njiani wanakimbia vita. Nafasi ile ilipoachwa tupu, programu haikujua la kufanya.

Nakato akamgeukia meneja, sote tukisikia.

"Huyu kijana hana makosa. Jenereta yake iko sawa. Makosa iko kwa mstari hii, na mimi ndio niliandika."

Meneja akakohoa kidogo, akaniambia nikawashe. Nilipofika nyuma ya jengo nililia, si kwa huzuni. Namshukuru dada yule mpaka leo.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu, programu ikianguka usikimbilie kumtafuta mtu wa kumlaumu. Zima kile unachokishuku uone, fuata mstari kwa mstari, na ukikuta ni wewe uliyekosea, liseme kosa lako mbele ya walewale waliosikia lawama. Mungu akujalie subira na ulimi kama wa Nakato, ili mtu ambaye hata humjui arudi kwao jioni akiwa bado na kazi.