Walter Anatafuta Wimbo ya Daraja

Mimi niliacha shule darasa la saba, na mpaka leo sijaona kitu shule ingenipatia ambayo sikupata kwa Omosa. Omosa alikuwa Mkisii mmoja mfupi, mwenye chumba ya mabati hapa Suna, Migori, nyuma ya soko. Ndani alikuwa na televisheni mbili na gemu mbili, zile za kuchomeka kaseti. Unalipa, unacheza dakika kumi, unatolewa. Kaseti iliandikwa gemu elfu moja, kumbe ni gemu nane zimejirudia mpaka zikachoka. Kati ya hizo nane kulikuwa na ya pikipiki, na kwa hiyo ya pikipiki mimi ndio nilikuwa mfalme. Uliza mtu yeyote wa rika yangu. Usiulize Elvis tu, huyo ni mwongo.

Lakini hii si hadithi yangu, ni ya Walter. Ingekuwa yangu ingekuwa tamu zaidi, lakini Walter ndio alifanya kazi, na mimi huwa napatia mtu haki yake hata kama inaniuma.

Tulikuwa watatu: mimi, Elvis na Walter. Kwa gemu Walter alikuwa bure kabisa. Pikipiki yake ilikuwa inaangukia shimo ya kwanza, ile hata mtoto wa nasari alikuwa anaruka. Yeye alikuja kusikiza. Anakaa kwa kreti ya soda karibu na spika, anafunga macho kama mtu anaombewa. Tulimwita Redio. Sasa stage ya pili kulikuwa na daraja refu, na ukifika hapo mziki inabadilika, inakuwa kama mtu anakimbia huku akicheka. Hiyo wimbo tuliiwekea maneno yetu, "O-mo-sa, ongeza dakika," chumba nzima tunaimba. Omosa hakuongeza hata siku moja.

Jioni, baba yake Elvis alikuwa anakuja kumtoa hapo kwa sikio. Hakuwa anasema kitu. Anaingia, anachagua sikio, wanaondoka. Hatukuhitaji saa, tulikuwa na sikio ya Elvis. Ya kushoto mpaka leo ni refu kuliko ya kulia, ukikutana na yeye angalia vizuri lakini usimwambie ni mimi nimesema.

Tukiwa darasa la sita, huyo baba alikufa. Mama akabeba watoto akaenda nao kwa watu wa marehemu, kisiwani Rusinga. Elvis aliondoka siku ya Jumanne, na gemu ya Jumatatu hatukuwa tumemaliza. Omosa naye akafunga baadaye, akarudi kwao. Pale chumba ilikuwa sasa kuna mtu anauza dawa ya ng'ombe.

Miaka imepita, ishirini na kitu. Mimi ni fundi wa welding, na mlango yangu ikifungwa, hata mwenye nyumba anaingilia dirisha. Walter anatengeneza simu karibu na stendi. Mke wake ni Marcella, mtoto wa hapa hapa Suna, na wana mtoto mmoja. Miaka mitatu iliyopita Walter alinunua laptop ya mitumba. Herufi A haikuwako, ukitaka kuandika A unafinya na kijiti ya kiberiti. Nikadhani anataka kuanza cyber. Kumbe anataka kutengeneza upya mziki ya gemu.

"Ya gemu?" nikamuuliza. "Walter, wewe ni baba ya mtu."

"Maroa, kaa chini usikize. Hizi gemu za zamani zilikuwa na sauti nne tu. Moja inaimba, moja inajibu, moja ni besi, ya nne inafanya shhh kama mafuta ya chapati."

"Kwaya ya watu wanne."

"Ndio! Na mwenye alitunga alikuwa anajua hana mtu wa tano. Kwa hivyo kila mtu anafanya kazi mbili."

Basi akajifundisha hivyo, mezani, baada ya kazi, mtoto akipanda kwa mgongo. Alikuwa anaangalia video za watu wa mbali wanaofanya hiyo mambo, anasimamisha, anarudisha nyuma, anajaribu. Kwanza unasikiza wimbo ya gemu mpaka unatoa kila sauti peke yake, kama mtu anachambua omena, samaki mmoja mmoja. Halafu unaipanga tena na vyombo vyako. Hapa gita, hapa kinanda, hapa unaacha pengo watu wapumue. Ya kwanza alinichezea ilikuwa kama masufuria yameanguka kwa ngazi, nikamwambia. Ya pili, masufuria mazuri kidogo. Kufika ya kumi, mguu yangu ilikuwa inagonga sakafu bila ruhusa. Hiyo sikumwambia.

Halafu Januari Elvis akapiga simu kutoka Mbita, karibu na Rusinga. Anaoa. Msichana anaitwa Beverlyne, harusi Jumapili ya kwanza ya Aprili, kwao Rusinga. Mimi na Walter ni wasimamizi.

"Omera Walter," akasema, yaani ndugu yangu, simu iko kwa spika tunasikia wote. "Nasikia unatengeneza za gemu siku hizi. Nataka kuingia kwa hema na ile ya daraja."

"Hiyo tu? Hiyo nitakupatia."

"Uniahidi. Mzee hatakuwa hapo, unajua. Hiyo wimbo ikifika katikati ndio alikuwa anaingia."

Walter akaniangalia. Mimi nikaangalia simu. "Nakuahidi," akasema.

Sasa kuahidi ni rahisi, hata mimi naahidi watu mageti kila wiki. Walter alitafuta hiyo wimbo kwa mtandao mpaka akaipata, ile yenyewe, safi kama imetoka kiwandani. Akaichambua sauti zote nne. Akaweka gita ya benga pale juu, akaweka ngoma nzito ikimbize watu, akafanya kazi wiki tano. Akanichezea. Ilikuwa nzuri, na ndio ilikuwa shida.

"Nini?" akauliza.

"Hakuna. Ni nzuri."

"Maroa."

"Si yenyewe."

Akakasirika. Akanionyesha kwa kioo ya laptop, noti kwa noti, hakuna moja imepotea. Nikamwambia noti ziko lakini daraja haiko. Akamtumia Elvis, akijua Elvis atamtetea. Elvis akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Omera, asante sana, imetulia. Lakini hii ni ya watu wengine. Halafu hiyo ngoma mzee Barnabas hataki."

Mzee Barnabas ni ndugu ya marehemu, na ndio anasimama kama baba kwa hiyo harusi. Yeye ni mzee wa kanisa, Msabato wa kunyooka, na alikuwa amesema hakuna ngoma itapigwa kwa boma yake, iwe ya ngozi ama ya kompyuta. Elvis hangeenda kinyume na yeye. Basi Walter akatoa ngoma. Wimbo ikabaki kama kuku imenyonyolewa. Harusi ilikuwa imebakisha wiki tatu, na yeye akaanza kusema labda amwambie Elvis aweke tu wimbo ya kwaya, kama watu wengine.

Siku hiyo tulikuwa kwake, tumekaa na hiyo kuku ya wimbo inacheza. Marcella alikuwa anapepeta mchele pale mlangoni. Akasimamisha ungo.

"Hii si ile ya kwa Omosa?"

"Wewe unajua ya kwa Omosa?" Walter akashangaa. "Wasichana hamkuwa mnaingia."

"Sikuwa naingia. Nilikuwa nangoja unga hapo nje. Nyinyi mnapiga kelele huko ndani na mimi nimebeba debe kwa kichwa." Akasikiza tena kidogo. "Mbona mashine haiko?"

"Mashine gani?"

"Ya kusaga, Walter. Posho mill. Si ilikuwa imeshikana ukuta na Omosa? Mimi hiyo wimbo sijawahi kuiskia bila mashine."

Nikakumbuka ile ukuta ya mabati ikitetemeka, na vumbi ya unga kwa nywele zetu mpaka mama anauliza kama tumeenda gemu ama tumeenda kusaga. Ile tuk, tuk, tuk ya dizeli. Sisi watoto wa Suna tulikuwa tumechanganya vitu viwili tukadhani ni kimoja. Sauti ya tano ilikuwa posho mill.

"Nilikuwa karibu kusema hivyo," nikasema.

"Shemeji, wewe nyamaza," Marcella akasema.

Shida sasa ni kwamba posho mill za hapa mjini zote ni za stima, zinalia kama nyuki. Ya dizeli utapata wapi? Hapo ndio mimi nikawa wa maana, na nataka iandikwe. Kuna mama anaitwa Nyasuguta, huko ndani nyuma ya Rongo, nilimfanyia mlango ya duka, na yeye bado ana ile ya zamani, bomba refu limetoka juu ya paa na kifuniko ya mkebe inarukaruka kwa mdomo. Tukapanda pikipiki yangu, Walter amebeba simu mbili na kinasa sauti cha kuazima.

Nyasuguta alituangalia kutoka juu mpaka chini. "Mahindi iko wapi?"

"Mama, hatujakuja kusaga," Walter akasema. "Tumekuja kurekodi mashine."

"Kurekodi? Nyinyi ni watu wa kaunti?"

"Apana mama, ni ya harusi."

"Harusi ya nani na mashine yangu?" Akageukia mimi. "Wewe fundi, huyu rafiki yako ni mzima?"

"Kwa siku zingine, mama."

Akakataa kuwasha. Akasema mashine yake haisagi hewa, na dizeli si maji ya mto. Ikabidi Walter aingie sokoni anunue mahindi gorogoro mbili, ule mkebe wa kupimia. Nyasuguta akazungusha mkono wa injini, ikakohoa, ikashika. Walter akafunga macho. Nilimwona vile alikuwa kwa ile kreti ya soda, yule yule, isipokuwa kitambi.

Halafu mama akamwaga mahindi, na injini ikazama. Unajua vile inafanya ikipata mzigo: tuk, tuk, tuuk, tuuuk, inachuchumaa, halafu inajikaza, inapanda tena. Walter akanishika mkono kwa nguvu.

"Pale katikati," akasema. "Maroa, pale daraja inapoanza, tulikuwa tunadhani wimbo inapunguza mwendo. Wimbo haikuwa inapunguza. Mtu alikuwa anamwaga mahindi."

Na mdomo yangu, bila kuniuliza, ikaanza: O-mo-sa, ongeza dakika. Nyasuguta akacheka mpaka akashikilia mlango, ule niliutengeneza mimi, haukutikisika.

Kazi ilimchukua siku tisa. Alipanga gita ifuate injini, si injini ifuate gita. Mashine ikizama, gita inangoja. Alitoa vyombo vingi alivyokuwa ameweka kwa maringo, akabakisha vichache. Mimi nilikula ugali ya hiyo unga ya Rongo nikisikiza, na sikupata cha kukosoa, jambo ambalo lilinisumbua.

Jumamosi jua likizama tulifika Rusinga. Mzee Barnabas alikuwa kwa kiti mbele ya nyumba, kofia kwa goti. Walter akamwamkia kwa heshima, akamwambia jaduong', yaani mzee, nimeleta wimbo ya kesho, nataka uisikize kwanza. Elvis alisimama pembeni, hatukaribii.

Ikacheza. Mzee akainua kidole mara moja. "Hiyo ni ngoma."

"Apana jaduong'. Ni posho mill."

"Ni nini?"

"Mashine ya kusaga unga. Ya dizeli. Ni yenyewe, tuliirekodi Rongo."

Mzee akasogeza sikio kwa spika. Akakaa hivyo muda mrefu. Mashine ikazama, ikapanda. Nilianza kufikiria kama ile wimbo ya kwaya iko kwa simu ya mtu.

"Imepewa mahindi hapo," mzee akasema.

"Ndio jaduong'."

"Ni makavu. Yangekuwa na maji ingelia kwa shida." Akavaa kofia. "Ndugu yangu, baba ya huyu, alikuwa anaendesha moja kama hii huku Mbita kabla ya kwenda Migori. Alikuwa anaskia mzigo kwa sikio, hata hakuwa anaangalia." Akamwangalia Elvis. "Posho mill si ngoma. Chezeni."

Hiyo Elvis hakuwa anajua. Aliingia kwa nyumba, akakaa huko kidogo, akatoka amenawa uso.

Jumapili tuliingia kwa hema watu kumi, wasichana mbele, Elvis na Beverlyne katikati, na sisi nyuma. Mimi nilicheza vizuri kuliko wote, iko kwa video. Mashine ilipozama mstari wote ulichuchumaa na yenyewe, hata hatukuwa tumefanya mazoezi ya hiyo. Wamama kwa viti wakapiga vigelegele. Mmoja akapiga kelele kwa Kijaluo ati nani ameacha mahindi kwa mashine, na hema nzima ikacheka.

Walter hakucheza. Alikuwa amepiga magoti kwa nyasi kando ya spika, kwa sababu waya ilikuwa imelegea na ilibidi aishikilie na mikono mbili wimbo isikatike. Kufika katikati, pale mahindi inamwagwa, pale baba yake alikuwa anaingia kwa Omosa, Elvis aliacha mkono ya Beverlyne, akatoka kwa mstari, akamwendea.

"Nipe mkono, twende ucheze," akamwambia.

"Siwezi. Nikitoa, waya inatoka."

Basi Elvis akaketi chini kwa nyasi kando yake, na hiyo suti yake nyeupe yote, wakasikiza mpaka ikaisha.