Bata Mzinga Wetu Walionekana Mpaka Kambu

Dada yangu mkubwa anauza matunda kando ya barabara kuu pale Kambu. Aliponitumia mayai ya bata mzinga niyaweke kwenye mashine yangu ya kuangulia, huku Matinyani, alitoa sharti moja.

"Siku ya kutotoa nataka kuona," akasema. "Si picha. Nione kifaranga kinavyotoka."

Siku ilipofika, simu yangu singeweza kuiacha hapo kutwa. Nikachukua kompyuta yetu ya zamani, nikaelekeza kamera yake ndogo kwenye kioo cha mashine pale sebuleni, na picha ikaonekana vizuri kwenye simu nikiwa nyumbani. Lakini ruta, kile kisanduku cha intaneti, ilikuwa inamfukuza yeyote anayebisha kutoka nje, hata dada. Nikaingia kwenye mipangilio yake, nikaiagiza: mtu akibisha mlango huu, mpeleke kwa kompyuta ya sebuleni. Nikabonyeza kuhifadhi, nikampigia dada ajaribu.

"Sioni kitu," dada akasema.

Nikapigia watu wa intaneti. Mama mmoja akanieleza kwa upole kwamba tulikuwa tunatumia anwani moja na wateja wengine, kwa hivyo mgeni wa nje hangejua nyumba yetu ni ipi. Akatupatia anwani yetu wenyewe. Nikazima ruta, nikaiwasha, nikamtumia dada ile anwani pamoja na nenosiri, maana sikutaka dunia nzima iingie sebuleni kwetu.

Halafu simu ikalia.

"Mbona mwaitu amelala mdomo wazi?"

Nikageuka. Paka wetu alikuwa ameisukuma kamera, ikamwangalia mama yetu akisinzia kwenye kiti. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama akaamka, akauliza kuna nini.

"Binti yako anakuona, yuko Kambu."

Akafunga leso vizuri, akaipungia kamera mkono, akaanza kumsalimia kwa sauti kubwa, ingawa kamera hiyo haipeleki sauti. "Muulize kama anaona nimenenepa," akaniambia.

Mchana yai la kwanza likapasuka. Dada akapiga tena, na nyuma yake nikasikia kelele za watu.

"Madereva wameacha machungwa, wote wako kwa simu yangu," akasema. "Ngoja. Kichwa kimetoka. Ngoja, kifaranga kimeanguka. Kimesimama!"

Watu wakashangilia huko Kambu, mama akapiga vigelegele sebuleni, nami katikati nikilia na kucheka, sijui nilianza na kipi.

Mayai yalipomalizika kutotolewa, nikaufunga ule mlango kwenye ruta. Kesho yake asubuhi dada akanipigia, amekasirika kidogo.

"Kwa nini umefunga? Wateja wanauliza watoto wameamkaje."

Nikaufungua tena.