Kamba ya Bendera

Ningependa kusema kosa ni la direkta, mkuu wa shule yetu. Lakini nimechoka kujidanganya. Kosa ni langu.

Nafundisha darasa la sita huko Ndosho. Shule yetu ina baba wawili: parokia inaisimamia, serikali inalipa mshahara, siku ikikumbuka. Kila Jumatatu asubuhi tunawapanga watoto mbele ya mlingoti, mkono kifuani, tunasali Baba Yetu, na bendera inapanda tukiwa katikati ya sala. Tukifika amina, nayo iwe imefika juu. Anayevuta kamba ni mutoto aliyekuwa wa kwanza kwa pointi mwezi uliopita. Ni heshima kubwa, mama wengine wanakuja kuangalia wamevaa vitenge vya misa. Mimi nimezaliwa upande wa Bukavu, nikabatizwa kabla sijaota jino. Sikuwahi kuona shida hapo.

Mwaka huu nikapata binti mmoja, mtoto wa watu waliotoka milima ya Masisi. Dini yao haisalimu bendera. Mama yake alikuja kuniona mapema, akakaa kwenye ukingo wa benchi.

"Madamu, bendera tunaiheshimu," akasema. "Mutoto atasimama wima, atanyamaza. Lakini munaomba huku munaiangalia inapanda. Kwetu sisi hiyo ni ibada. Hata kama mungetenganisha, kamba hawezi kuishika. Mumpe mwingine."

"Mama, usiogope," nikamwambia. "Niachie mimi."

Nikaenda kwa direkta. Nikamwomba tusali kwanza, tumalize, ndipo tupandishe bendera, na kamba ishikwe na yeyote anayetaka. Akacheka. "Shule ni ya parokia, bendera ni ya serikali. Sasa wewe unataka tufukuze nani?" Nikacheka na yeye, mjinga mimi, nikatoka.

Shida ni kwamba yule binti alikuwa na akili, Mungu wangu! Hesabu, Kifaransa, popote unapomgusa anajibu. Mwezi wa kwanza alikuwa wa tatu, nikapumua. Mwezi wa pili nikajumlisha pointi zake mara mbili: wa kwanza. Nikachukua kalamu yangu ya bic nyekundu, nikamtoa pointi mbili katika somo la uraia, akawa wa pili. Nikajiona nimemwokoa.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya Ijumaa direkta yuko darasani kuchukua jina la wa kwanza, binti akaja mezani na karatasi yake.

"Madamu, samahani. Hapa nilijibu vizuri, lakini umenitoa pointi mbili."

Nikamkazia macho: nyamaza, mwanangu, nyamaza. Aka! Watoto wa dini ile wamefundishwa kutokuficha kitu. Direkta akachukua karatasi, akasoma kwa sauti. Swali: dini ya serikali yetu ni ipi? Jibu la mutoto: serikali yetu haina dini.

"Lakini jibu ni zuri, Madamu," akasema. "Ni wewe mwenyewe umewafundisha." Akarudisha pointi mbili, akaandika jina.

Ningeweza kusema kitu pale pale. Sikusema. Ningeweza kumtuma mtu kwa mama yake Jumamosi, abaki na mutoto nyumbani Jumatatu. Sikutuma. Nilienda misa Jumapili, nikapokea komunyo vizuri kabisa.

Jumatatu binti akasimama chini ya mlingoti, mikono ameinyoosha chini. Tukaanza Baba Yetu. Kamba haikusogea. Tukafika amina, bendera bado imekunjwa chini, na watoto wote wanamwangalia. "Vuta!" direkta akasema. Yeye akajibu polepole, "Papa Direkta, siwezi. Samahani." Wala hakulia. Akafukuzwa hadi wazazi walete barua ya kukubali. Alipopita mbele yangu alinitazama, akingoja niseme. Nikaangalia viatu vyangu.

Barua haikuja. Mwezi uliofuata direkta akaniambia nisafishe rejista. Nikapiga mstari kwenye jina lake, kwa bic ile ile.

Juzi nilikuwa natembea kwenda shule, orodha ya watoto watakaofanya mtihani wa taifa imo mkobani mwangu. Karibu na kituo cha polisi filimbi ikalia, bendera inapanda, barabara yote ikasimama kama kawaida yetu, na pikipiki zikazimwa. Nikageuza kichwa. Yule binti alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kichwani, miguu pamoja, ametulia kabisa kwa heshima, maji ya samaki yanamtiririka shingoni. Mimi mkono wangu ulikuwa kifuani, na nilitamani ardhi inimeze.

Filimbi ikalia tena, watu wakaanza kutembea. Akanisogelea, anafurahi kuniona. Anafurahi!

"Madamu! Kwenye kitabu cha hesabu mumefika wapi?"

Kitabu tulikuwa tumekimaliza zamani. Mtihani ulikuwa umebakiza siku nane.

"Bado tuko pale ulipotuacha," nikasema.

"Ah, basi sijachelewa," akasema, akatengeneza beseni lake kichwani na kwenda kuuza.