Wageni Wasiopita Mlangoni

Norbert alikuwa amechoka kwa muda mrefu kiasi kwamba majirani zake wa mtaa wa Shard End walidhani ndiyo sura yake aliyozaliwa nayo. Alfajiri alikuwa Nechells, ndani ya ghala, akifunga mabomba ya bafuni kwenye maboksi. Mchana alirudi, akala wali uliopoa, akafungua kompyuta. Hapo alikaa hadi macho yakamwasha, akiitunza tovuti ya umoja wa familia za Kivu, mashariki mwa Kongo, zilizohamia Birmingham.

Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa na dada yake, Sabine, aliyempotea mwaka 1996 vita vilipowatoa Bukavu mbio. Kwenye njia panda umati ulimsukuma yeye huku, dada yake kule, na tangu siku hiyo hakuna aliyemletea hata uvumi. Tovuti ile ilikuwa na sehemu iitwayo Wanaotafutwa. Jina la Sabine lilikuwa humo, na la baba yao kando yake, bila picha, maana picha zote ziliungua na nyumba. Humo pia yalikuwamo majina ya ndugu wa takriban kila mtu aliyesali naye Jumapili.

Sasa, mwaka 2007, kamati ilitaka kuifunga. Papa Aganze, mwenyekiti, alimvuta kando baada ya ibada.

"Norbert mwanangu, miaka miwili hatujapata hata mtu mmoja. Nyumba isiyo na wageni hufungwa. Jumapili ijayo tutaamua."

Norbert aliitikia kwa kichwa tu. Kubishana na mkubwa hakukuwa katika malezi yake, na hata kama kungekuwamo, nguvu angezitoa wapi? Lakini njiani kurudi nyumbani alijua kwamba tovuti ikifungwa, hatakuwa tena na mahali pa kulitamka jina la dada yake ambapo mtu wa mbali angeweza kulisikia.

Jumamosi alikwenda Balsall Heath kwa Kamlesh. Huyu alikuwa Mhindi wa Kisumu aliyeingia Uingereza angali kijana. Duka lake la kutengeneza kompyuta lilibanwa katikati ya mikahawa ya mchuzi wa balti, na Kiswahili chake kilikuwa bado na vumbi la nyumbani. Yeye ndiye aliyeiwekea tovuti programu ya kuhesabu wageni.

"Na hujaifungua hata siku moja?" Kamlesh aliuliza.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuona sifuri."

"Haya, vuta kiti tuone sifuri yako."

Ikatokea ramani ya dunia. Uingereza ilikuwa imekolezwa rangi, na Ubelgiji pia. Kisha Norbert akavua kofia, maana Kongo nayo ilikuwa na rangi, na Burundi, na Tanzania. Watu walikuwa wakija kila wiki.

"Wanakuja, bwana," Kamlesh alisema. "Lakini ona hapa. Wa Uingereza na Ubelgiji wanaingia, wanazunguka, wanaangalia picha za harusi. Wa Kongo wanafika ukurasa wa kwanza, basi, wanaondoka. Karibu wote. Kwa hao wako wanaotafutwa hafiki mtu."

"Kwa nini?"

"Programu haijui kwa nini. Inajua mlango waliotokea tu. Na hawa ni waliovumilia mpaka wakahesabiwa. Waliochoka mapema hatuwaoni kabisa." Alifungua ukurasa wa kwanza na kuguna. "Ndugu yangu, huu ukurasa ni mzito kama ng'ombe! Nani hawa wote?"

Walikuwa ni kamati. Katika umoja wao, kikao hakianzi kabla wakubwa hawajakaa viti vya mbele. Kwa hiyo tovuti ilipoanzishwa, hakuna aliyejiuliza mara mbili: kwanza mwenyekiti mwenye suti na tai, kisha makamu, kisha katibu, hadi mshauri wa mwisho, kila mmoja na picha yake kubwa ya studio, na kwaya ikiimba yenyewe nyuma yao. Norbert mwenyewe ndiye aliyewapanga kwa vyeo. Fikiria: mama ameshuka mlimani kwa miguu, amelipia nusu saa katika saiba yenye mtandao wa kusuasua, moyo unamdunda kwa ajili ya mtoto wake, na anaambiwa: subiri, mama, kwanza wakubwa wakae!

"Zitoe hizi picha," Kamlesh alisema.

"Zitoe wewe. Mimi nasali nao."

Jumapili hiyo Norbert hakwenda na hotuba. Alikwenda na simu. Alikuwa ameongea na binamu yake Djo wa Uvira, huko Kongo, akamwomba aketi katika saiba ya mjini saa ya kikao. Kamati ilipokaa, Norbert aliiweka simu mezani, akafungulia spika.

"Jambo yenu, bapapa na bamama!" sauti ya Djo ililia kama inatoka ndani ya debe.

"Jambo, Djo. Fungua tovuti, utuambie unachoona."

"Nimefungua. Ni nyeupe." Wakasubiri. "Bado nyeupe."

Papa Aganze alitazama saa yake. Mama Dative, katibu, akaanza kumimina chai.

"Ah! Sasa kitu kinashuka. Minaona nywele."

"Nywele za nani?" Mama Dative aliuliza.

"Sijue, Mama. Haziko mingi."

Mtu wa nyuma alipaliwa na chai. Papa Aganze alijipapasa kipara bila kujua.

"Sasa ni paji la uso," Djo aliendelea kwa uaminifu wote. "Bado ni paji la uso. Bakubwa, hili paji ni refu, haliishe!"

"Papa Aganze, fanya haraka ufike kwenye macho," Mama Dative alisema, "chai inapoa." Ukumbi ukaangua kicheko, na mwenyekiti mwenyewe, baada ya kujikaza, akacheka hadi akatoa leso.

"Macho yamefika," Djo alisema. "Imekwama hapo. Na mwenye saiba ananiambia muda wangu umeisha, kuko watu wanangoja."

Papa Aganze aliinamia simu. "Kijana, umeyaona majina?"

"Majina gani, Papa? Sikujua kama kuko majina."

Kicheko kilikufa kama moto uliomwagiwa maji. Mama Dative, ambaye kifungua mimba wake alikuwa mmoja wa majina hayo, aliliweka birika chini polepole. Papa Aganze alikaa akiitazama simu hata baada ya Djo kukata. Jina la mama yake nalo lilikuwamo tovutini.

"Miaka miwili," alisema mwishowe. "Toa picha zote. Ya kwangu ianze."

"Na kwaya?" makamu aliuliza.

"Kwaya itaimba kanisani. Majina yatangulie."

Wiki hiyo Norbert na Kamlesh waliufumua ukurasa. Yalibaki maandishi matupu, kwa Kiswahili, majina yakiwa juu kabisa, na ukurasa ukawa mwepesi kama karatasi. Kila akitoka kazini Norbert alifungua hesabu, na hesabu zilibadilika. Wa Kongo waliingia, wakapita, wakafungua jina moja baada ya jingine. Lakini hakuna aliyeandika. Hapo uchovu wake ukapata mizizi mipya. Zamani angalau angeweza kulaumu picha. Sasa amlaumu nani?

Ndipo akaona mgeni wa Tanzania. Mtu huyo alifungua ukurasa wa Sabine, akarudi mwanzo, akaufungua tena. Kesho yake akaja mgeni wa Tanzania akafanya vilevile. Na keshokutwa. Jina lingine lolote hakuligusa.

"Ni nani?" Norbert alimuuliza Kamlesh.

"Haisemi, bwana, usinisumbue. Huenda ni mmoja, huenda ni watatu." Kisha Kamlesh akakuna ndevu. "Lakini akitaka kukuandikia, afanye nini?"

Walitazama. Mahali pa kuandikia ujumbe palikuwa na maelezo ya Kifaransa, na palidai kwanza anwani ya barua pepe.

"Hata mama yangu hapa Birmingham hana barua pepe," Kamlesh alisema.

Norbert alipafuta. Juu ya jina la dada yake akaandika: Wewe wa Tanzania unayemsoma Sabine, mimi ni Norbert, kaka yake. Usiandike kitu. Nibipu tu, nitapiga mimi. Akaweka namba yake.

Bipu ililia akiwa ghalani, wakati wa mapumziko, mfukoni mwa ovaroli. Namba ilikuwa ya Tanzania. Alitoka uani, baridi ikimpiga masikioni, akapiga.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke.

"Ni Norbert. Wewe ni Sabine?"

"Ndiyo, ni Sabine. Lakini sijue kama mi ni Sabine wako."

"Baba yako ni nani?"

"Asukulu, wa Fizi. Niko hapa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Niliona umeandika baba ni Mushagalusa." Alivuta pumzi. "Nilijua si mimi. Lakini kila nikipata nafasi ya kompyuta nilirudi. Nilisema, labda walikosea kuandika. Labda kuko mtu ananitafuta."

Norbert aliketi juu ya mbao za kubebea mizigo. Kwa kitambo alimkasirikia mwanamke huyu kwa kutokuwa mtu mwingine, na alitaka kukata simu akalale palepale uani. Ndani walikuwa wameanza kuitana kurudi kazini.

"Haloo? Papa, uko?"

"Niko," alisema. Alivuta boksi tupu, akatoa ile kalamu nene ya kuandikia mizigo. "Kama ungetafutwa, angekutafuta nani?"

"Kaka zangu. Nilikuwa nao wawili."

"Nitajie."

Alitaja wa kwanza, jina lake na la utani, na kijiji alikoonekana mara ya mwisho. Norbert aliandika kwa herufi kubwa ubavuni mwa boksi.

"Polepole," alimwambia. "Na wa pili?"