Wanasifu Weupe Wangu, Nami Nahisi Wanasifu Ugonjwa

Bwana Mhariri, na ninyi wasomaji wenzangu, jina langu lifichwe kwa sababu hapa Ifakara tunajuana. Nina miaka kumi na saba, nilisoma hadi darasa la nne. Tangu nivunje ungo nimewekwa ndani kama mwali yeyote wa kwetu, na huu ni mwaka wa pili sijatembea juani. Mavuno ya mpunga yakiisha nitatolewa niolewe.

Kazi yangu ni kula wali, kunywa uji na kulala. Nimekuwa mweupe, nimenenepa, na kila anayeingia hunisifu. Shangazi wa mchumba wangu alipokuja kunikagua alipiga vigelegele: "Huyu mwali kaiva! Mahari yetu haijapotea." Nilifurahi, nisiwafiche. Lakini niliposimama kumpa shikamoo, moyo ulinienda mbio na macho yakaingia giza. Na hamu yangu siku hizi ni udongo wa ukutani; naumega nikiwa peke yangu.

Juzi niliugua homa, mama akanifunika gubigubi akanipeleka zahanati. Nesi alinivuta kope ya chini, kisha akanibonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki.

"Mama, huyu hajanenepa, amevimba. Damu hana. Anywe dawa hizi, ale mboga na nyama, na atoke nje atembee."

Njiani mama aliguna. "Mwenyewe kakauka kama kuni, hajaolewa. Wivu tu ule." Dawa alizishika yeye, sijaziona tena.

Tangu hapo simwamini mtu. Nesi huenda kweli ana kijicho. Anayenisifu naye namtazama machoni: anasifu mwili wangu au uvimbe? Nikitoka juani nikarudi mweusi na mwembamba, watasema wamebadilishiwa mwali, na posa itavunjika.

Ila nilikuwa na dada. Alipotolewa ndani alisifiwa mtaa wetu mzima wa Kibaoni. Akafariki katika uzazi wake wa kwanza, wakasema karogwa, na jirani mmoja mpaka leo hatusalimiani naye. Jana nilijibonyeza mguu mbele ya mama nikamuuliza, "Mama, na dada miguu yake ilikuwa hivi?"

Alilitazama lile shimo mpaka likajaa. Akavuta kanga akanifunika. "Dada yako alikuwa mzuri kuliko wewe," akasema, akatoka.

Wenzangu, hasa mliowahi kukaa ndani, nishaurini. Nitoke sasa kwa miguu yangu, au nisubiri kutolewa?