Alama za Msumari

Katika Kisumu ya miaka ile, mtu aliyetaka kuacha gari gereji aliingia kwanza chini yake na msumari. Alikwaruza alama kwenye betri, kwenye kabureta, kwenye stata, kwenye gurudumu la akiba. Jioni aliporudi kulichukua, aliinama tena kuzitafuta alama zake moja moja, na hapo ndipo alipomshukuru fundi. Desturi hii ipo katika miji mingi yenye magari machache na mahitaji mengi. Kuna mahali hutumia rangi ya kucha. Kuna mahali mwenye gari hulala ndani yake hadi kazi iishe. Kisumu, mtaa wa Kondele walikokuwa mafundi, walitumia msumari wa inchi tatu, na hapakuwa na dereva aliyeuamini kuliko Badru Ouma.

Baba yake Badru, Mjaluo wa Seme, alisilimu alipokuwa mpishi kwenye meli za ziwani za shirika la reli. Mama yake alizaliwa mtaa wa Kaloleni, pale pale mjini, ambako Badru naye aliendelea kuishi, na wazazi waliotoka Pwani. Kwa hiyo Badru alikuwa na msikiti wa Ijumaa na matanga ya Seme, na hakuona kwamba kimoja kinamzuilia kingine. Alianza kuendesha lori la mfanyabiashara wa sukari. Mwaka wa sabini na moja aliliacha lori hilo gereji siku mbili, akarudishiwa likiwa na stata kuukuu ya gari jingine. Lori likazimika Ahero na magunia mgongoni, mvua ikinyesha. Mwenye lori hakutaka kusikia maelezo. Badru alikaa miaka miwili bila kazi, na tangu hapo msumari haukutoka mfukoni mwake. Madereva wenzake walimwita Badru Msumari, naye aliitika.

Mtu aliyemrudishia heshima yake alikuwa Mwalimu Gordon Oduor. Mwalimu alifundisha shule za Kombewa, huko huko Seme, miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu, Agosti ya mwaka 1987, alinunua pikapu nyeupe, mpya kabisa, ili ibebe mahindi na mtama siku za soko, saruji siku nyingine, na wagonjwa siku yoyote. Hakujua kuendesha. Alimtafuta Badru, akamkabidhi funguo mbele ya mkewe, Benta, akasema, "Kuanzia leo mimi ni abiria."

Pikapu ilikuja na waranti ya mwaka mmoja: kitu kikiharibika chenyewe, kampuni iliyoiuza ingetengeneza bure, mradi gari lipelekwe kwao kwa sevisi na kitabu kigongwe muhuri. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza. Mwalimu alisoma kurasa za sevisi barazani kwa sauti, akizifasiri kwa Kijaluo sentensi baada ya sentensi, na Badru alisikiliza mikono ikiwa magotini.

Walipokwenda sevisi ya kwanza, Badru alisimamisha gari kabla ya lango la kampuni, akajisukuma chini yake. Mwalimu alimvuta mguu.

"Toka huko. Hawa si watu wa Kondele."

"Mwalimu, chuma ni chuma. Hakina kabila wala mtaa."

"Ukilazwa hospitali utachora alama kwenye figo zako, ili daktari asikubadilishie?"

Badru alitoka akicheka, suruali imejaa vumbi. Sevisi ya pili hakujaribu tena. Mwalimu alikuwepo, na Mwalimu alijua kilichoandikwa.

Mwezi wa Mei gia ya tatu ilianza kulia, mlio mwembamba kama wa mtu anayeumwa jino. Mwalimu alisema wataipeleka sevisi ya tatu. Mwezi wa Juni presha ilimwangusha kwenye kiti chake barazani, na pikapu ile ile ikamleta nyumbani kutoka hospitali ya Kombewa akiwa kwenye jeneza. Badru aliendesha kwa gia ya pili njia nzima, asisikie ule mlio.

Baada ya mazishi, gari lilisimama kando ya nyumba. Mali ya marehemu haikuguswa mpaka taratibu za matanga zimalizike, na taratibu za mtu mzima kama Mwalimu hazina haraka. Wiki zikapita. Kuku wakataga mayai nyuma ya gurudumu. Zilipomalizika, ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Julai, na waranti ilikuwa inakufa Jumatatu.

Ijumaa hiyo ukoo ulikaa. Absalom, mdogo wake marehemu, alisema gari bovu ni mdomo wa kulisha, liuzwe. Benta alikuwa mkekani, nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa.

"Nipeni mpaka Jumatatu," alisema. "Kampuni ikiitengeneza bure, inabaki, na Badru anaendesha. Wakikataa, uzeni."

"Na nani ataipeleka?"

"Si ina dereva?"

Mwenyewe hakuweza kwenda. Taratibu za mali zilikuwa zimekwisha, lakini za mjane bado, na mjane wa namna hiyo hakutoka nje ya boma kwenda kusimama kwa watu. Ni mwiko, na wanawake wazee walikuwepo kuuchunga. Kwa hiyo mambo yote yaliwekwa juu ya Badru: gari, riziki ya Benta, na yake mwenyewe.

Jumamosi aliiosha. Alitoa vitu vya Mwalimu kwenye kabati dogo la mbele: miwani iliyovunjika mkono, vipande vya chaki, peremende mbili zilizoyeyuka na kuganda tena. Alivipeleka kwa Benta kwenye kitambaa safi. Benta alivifungua, akavifunga.

"Peremende zilikuwa zako," alisema. "Alisema ukikosa kitu mdomoni unaendesha kwa hasira."

Badru alirudi kwenye ndoo yake.

Jumapili, watu walipokwenda kanisani, alikaa na kile kitabu cha sevisi mapajani. Alikifungua, akakifunga. Wapo waliojua Kiingereza pale bomani, lakini dereva aliyeendesha miaka ishirini kumwomba mtu amsomee kitabu cha gari analoliendesha, hilo lilimshinda. Alichokijua yeye ni kwamba sasa anapeleka mali ya mjane kwa wageni, na hakuna Mwalimu wa kusimama kando yake. Akatandika gunia, akaingia chini.

Alianza na stata, maana hiyo ndiyo iliyomuuma zamani. Akaja kwenye giaboksi. Juu ya boliti zake palikuwa na matone ya rangi ya manjano, moja juu ya kila boliti. Badru aliona ni uchafu wa mafundi wasiojali. Aliyakwangua kwa msumari, akapangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Kisha juu ya kila boliti akachora herufi G. Jina lake mwenyewe aliweza kuliandika. Lakini gari halikuwa lake. Aliandika la Gordon.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa langoni. Mkaguzi wa kampuni, Bwana Nabututu, alimpokea vizuri, akampa pole ya msiba, akaendesha gari mwendo mfupi na kurudi akitikisa kichwa.

"Hii ni beringi. Kosa la kiwandani. Tutaifungua, Mzee wangu, usiwe na wasiwasi."

Badru aliketi kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu Juni alihisi njaa.

Pikapu iliinuliwa. Bwana Nabututu aliingia chini na taa, akamulika boliti moja moja, akamwita.

"Nani amefungua giaboksi hii?"

"Hakuna mtu."

"Tunaweka rangi kwenye boliti. Spana ikigusa, rangi inatoka. Hapa haipo hata moja. Na hii mikwaruzo?"

Badru alieleza. Alitoa na msumari, akauweka kiganjani. Fundi mmoja aliyekuwa akisikiliza aliinama kutazama, akacheka.

"Bosi, huyu si mwizi. Hizi ni alama za kwetu Kondele. Hata mimi gari la shemeji yangu nimeliandika hivyo."

"Ulijua tutakuibia, Mzee?" Bwana Nabututu aliuliza. Hakuwa na hasira.

"Sikujua chochote. Ndiyo maana."

"Kitabu kimeandika. Ukurasa wa nne. Rangi isiguswe."

"Aliyekuwa akikisoma amekufa."

Bwana Nabututu alivua kofia. Alikwenda ofisini kwa meneja, na Badru alimwona kupitia kioo akisema, akionyesha kwa mikono, akisema tena. Aliporudi alikuwa na fomu.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini hapa pana mahali pawili pa kujaza: rangi ipo, au rangi haipo. Meneja amekataa. Pole sana."

Badru alirudi Kombewa kwa gia ya pili na ya nne, akiruka ile katikati. Absalom alikuwa akimngoja langoni.

"Wamekataa," Badru alisema.

"Nilijua. Hao ni wezi wenye tai. Wamesemaje?"

"Wamesema giaboksi imefunguliwa."

"Imefunguliwa na nani kama si wao? Sevisi ya pili ilikuwa kwao!"

Benta alikuwa mlangoni akisikia. Badru alimwangalia, akaangalia chini. Uongo ulikuwa umeshapikwa na kupakuliwa na mtu mwingine. Yeye alitakiwa kunyamaza tu. Akanyamaza. Aliwapa funguo, akaenda kulala kwa binamu yake hapo jirani.

Asubuhi alikuta wanawake wazee wamesimama mlangoni kwa Benta. Benta alikuwa amevaa viatu. Kitabu cha sevisi kilikuwa kwapani.

"Unakwenda wapi na kichwa hicho?" mmoja wa wazee alimuuliza. "Utawapelekea watu mauti?"

"Nakwenda Kisumu. Walichukua pesa za Gordon akiwa hai, sasa amekufa wanafungua gari lake na kulirudisha. Wataniambia usoni."

"Na ukivunja mwiko?"

"Ulishavunjika. Mume wangu si amekufa?"

Badru aliona kwamba ataenda. Angesimama mbele ya Bwana Nabututu na nguo zake za matanga, angewaita wezi, na wangemwonyesha zile herufi G. Alivua kofia.

"Mama, usiende. Ni mimi."

Aliwaambia yote, hapo kwenye ua, mbele ya wote: rangi, mafuta ya taa, msumari, ukurasa wa nne. Alisema hata alivyonyamaza jana. Absalom alitoa neno baya la Kijaluo, akatema mate.

Benta aliketi kwenye kizingiti, akavua kiatu kimoja.

"Ulichora jina lake?"

"Herufi moja."

Alivua na cha pili. Ilimchukua muda.

"Baba Safia," alimwita Badru kwa jina la bintiye, "ungenyamaza hata leo, ningekwenda kujiaibisha mjini kwa ajili yako. Afadhali nilie hapa kwangu. Lakini jana ulikuwa na mdomo. Ulikuwa nao."

Alhamisi Absalom alileta mnunuzi kutoka Maseno. Benta alimwagiza Badru amweleze mwenyewe kuhusu gia ya tatu, na Badru akaeleza, akampandisha, akamsikilizisha. Mnunuzi akashusha bei mara mbili, na Absalom hakumtazama tena Badru mchana wote.

Pikapu ilipotoka, geti lilibaki wazi kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulifunga. Badru alilifunga. Alikuwa amechukua mfuko wake, anataka kuaga kutoka mbali, Benta alipomwita kutoka jikoni.

"Njoo ule kwanza. Kaloleni ni mbali."

Chakula kilikuwa kwenye meza ya Mwalimu, sahani moja. Badru alinawa, akaketi, akala chote, polepole, kwa kuwa kukataa kungekuwa kumwongezea Benta msiba mwingine. Benta alikaa upande wa pili akimtazama mpaka alipomaliza. Kisha akachukua sahani, akaenda kuiosha.