Sifuri Thelathini na Nne

Mimi niliishia darasa la saba, lakini hakuna redio katika mji wetu huu wa Irinjalakuda iliyowahi kunishinda kuitengeneza, na mtaani hakuna anayebisha. Basi msishangae nikiwaeleza habari za kompyuta. Aliyenifundisha ni Sajivan, mtoto wa dada yangu Vilasini, na nilivyomlipa ndiyo habari yenyewe.

Sajivan alikaa ofisini Bengaluru miaka kumi na miwili akikagua programu za wenzake. Mtu mkimya, mwoga wa mbwa, anayepiga pasi hata soksi. Ofisi ikafungwa, akarudi kwa mama yake. Mwaka wa pili wa kukaa bure, ofisi moja ya Kochi ikamwambia: una miaka arobaini na mmoja, na vijana ni wengi. Tuonyeshe kazi yako iliyokubaliwa ndani ya ule mfumo wenyewe unaoendesha kompyuta, unaoandikwa na watu wa dunia nzima kwa kutumiana barua, nasi tutakuchukua sikukuu ya mavuno, Onam, ikifika.

Akaanza na kazi ya wanaoanza, yaani maonyo. Ipo programu, wanaiita kompaila, inayogeuza alichoandika mtu kiwe lugha ya mashine. Ikiona umetumia kisanduku cha namba ambacho pengine hukukiwekea namba, inalalamika, na hilo ndilo onyo. Kisanduku hicho si kitupu, kina takataka za aliyekitumia kabla yako, kama chumba cha kupanga ambacho hakikufagiliwa.

Onyo moja lilimchukua siku nne au tano. Alifuata kila njia ya maandishi yale kwa penseli, ajue namba ilisahauliwa wapi na ilipaswa kuwa ngapi. Mwezi mzima, maonyo sita kati ya arobaini. Mimi nilikuwa nakuja saa kumi kunywa chai ya dada yangu, namkuta palepale.

"Bado unamsaka chawa yuleyule?" nikamuuliza.

"Bado, Mjomba."

"Onam imebaki wiki tano. Kwa mwendo huo utaajiriwa ukiwa na meno ya bandia."

"Nifanyeje sasa? Lazima nijue kwa nini kisanduku kiko wazi."

"Mashine inataka kiwe na kitu, sivyo? Kiwekee sifuri. Vyote. Inyamaze."

"Hiyo siyo kutengeneza, Mjomba."

"Miaka thelathini natengeneza, wewe. Redio ikikwaruza, nakata waya wa spika inayokwaruza, mteja anaondoka anacheka."

Vilasini akadakia kutoka jikoni, "Na keshokutwa anarudi, kaka. Mimi ndiye ninayewafungulia mlango wakikutafuta hapa."

Sajivan alicheka. Lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka humsikiliza hata mimi. Kabla jua halijazama alikuwa ameweka sifuri thelathini na nne.

Radka, mama mmoja wa Prague anayetunza sehemu ile ya mfumo, alikuwa na kazi nyingi. Akazipokea kazi zote arobaini za Sajivan. Kochi wakatoa tarehe ya kuanza kazi. Nikazunguka mtaa mzima nikisema akili ile imetoka upande wetu.

Wiki moja kabla ya Onam ikaja barua. Mpima mvua wa Chile alikuwa amejaribu toleo jipya la mfumo. Diski yake ilikuwa mbovu, haiandiki kitu, lakini kila alipoiuliza ilimjibu sifuri, moja ya zile za Sajivan. Na mahali pale sifuri maana yake ni mambo yote sawa. Siku kumi na tisa za mvua zimepotea, na mvua ile hainyeshi tena ipimwe upya.

Radka hakutukana. Aliuliza tu, mbele ya dunia nzima, "Ulijuaje kwamba sifuri ndiyo jibu sahihi hapa?"

Sajivan alikaa na swali lile siku mbili.

"Mwambie ulikosea kubonyeza," nikamshauri.

"Mara thelathini na nne, Mjomba?"

Akaandika: Sikujua. Mimi nilikuwa nimeshaandaa utetezi wangu, lakini hakunitaja.

Zikaondolewa zote arobaini, hata zile sita za haki, maana hakuna aliyekuwa na muda wa kuzichambua. Na desturi yao, anayerekebisha kosa lazima ataje lilitoka katika kazi ya nani. Barua zile ziko wazi. Kochi nao wanasoma. Walimjibu kwa mistari miwili, kwamba nafasi haipo tena.

Siku ya Onam Sajivan alikula wali kidogo, akakunja jani la mgomba lililokuwa sahani yake, akapanda juu chumbani kwake. Nikamfuata. Kwenye kioo cha kompyuta maonyo yalikuwa yamerudi yote. Penseli iko mezani, imechongwa.

"Anza na lile la Chile," nikasema.

"Wameshalitengeneza wenyewe. Jina langu liko chini yake."

"Basi lingine."

"Hawapokei tena kitu changu mpaka mtu wanayemwamini akisome kwanza. Unamjua yeyote, Mjomba?"

Mimi ninayemjua kila mtu kutoka hapa hadi stesheni nilitafuta kichwani, nikakosa. Akazima mashine, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Siku hizi anapanga vigae katika duka la shemeji yake. Mtaani wanaamini kwamba yule mama wa Prague alimwonea wivu, maana ndivyo nilivyowaambia. Sajivan amesikia ninavyosema. Mpaka leo hajanikanusha.